Kufuli la chipu likivunjwa, muuzaji atakwambia?

Ndani ya mita ya umeme, rimoti ya gari na mashine ya kufulia nguo mna kompyuta nzima iliyokaa katika kipande kidogo kuliko ukucha. Mafundi huiita maikrokontrola. Kipande chenyewe ni rahisi, mara nyingi hakizidi dola chache. Mali hasa ni programu iliyoandikwa ndani yake, ambayo huenda imemgharimu mwenyewe miaka ya kazi. Mshindani akiinakili, kesho atauza bidhaa ile ile kwa bei ya chini, kwa kuwa yeye hakuingia gharama ya kuibuni.

Ndiyo maana watengenezaji wa chipu hutia kufuli. Fundi akishaingiza programu, huweka alama inayozuia isisomwe tena kutoka nje. Wahandisi wengi, wakiwamo vijana wetu wa Nairobi na Dar es Salaam wanaobuni vifaa vyao wenyewe, hulitegemea kufuli hilo kama mlinzi wa getini. Swali letu leo ni hili: likivunjwa, aliyekuuzia atakwambia?

Kwamba linavunjika si siri. Mwaka 2002 Sergei Skorobogatov na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walionyesha kuwa mwanga ukimulikwa juu ya chipu iliyovuliwa ganda unaweza kugeuza sifuri kuwa moja, au moja kuwa sifuri, ndani ya kumbukumbu yake. Hawakuhitaji leza ya gharama kubwa. Walitumia taa ya kamera ya mitumba ya dola 30, na kitochi cha leza cha dola 8.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hilo. Kampuni ya Microchip ya Marekani, inayotengeneza chipu maarufu za PIC, imekuwa ikiandika katika karatasi za maelezo ya bidhaa zake kwamba si yenyewe wala mtengenezaji mwingine yeyote anayeweza kudhamini usalama wa programu, na kwamba ulinzi huo haumaanishi kuwa chipu haivunjiki.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mteja anasema: nililipia ulinzi. Muuzaji anajibu: soma maandishi madogo. Kwa maoni yetu wote wawili wana hoja. Lakini kama kufuli halina dhamana, basi anachonunua mteja ni mwenendo wa muuzaji siku ya tatizo. Na mwenendo huo unatofautiana sana.

Mwaka 2019 mtafiti anayejiita LimitedResults alionyesha namna ya kutoa funguo za siri kutoka chipu ya ESP32 ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, China. Njia yake ilikuwa kuuyumbisha umeme wa chipu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, pale pale inaposoma funguo hizo, hadi ikachanganyikiwa. Ubovu wa aina hii umo ndani ya silikoni, kwa hiyo chipu zilizokwisha kuuzwa haziponywi kwa programu mpya. Espressif haikukanusha. Ilitoa tahadhari kwa wateja na kuwaelekeza kwenye toleo jipya la chipu. Mwaka 2020 mtafiti huyo huyo alivunja kufuli la chipu za nRF52 za Nordic Semiconductor ya Norway, nayo ikatoa taarifa kwa wateja wake. Mei 2021, mtafiti Thomas Roth alitumia mbinu hiyo kusoma programu ya AirTag ya Apple, ambayo ndani yake mna chipu ya jamii hiyo.

Raspberry Pi ya Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Agosti 2024 ilipoleta chipu ya RP2350, ilificha siri ndani yake na kutangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayeitoa, baadaye ikapandisha hadi dola 20,000. Januari 2025 ilitangaza washindi wanne, ikawalipa wote zawadi kamili, na kueleza hadharani kila mmoja alipitia tundu gani. Mwaka huo huo ikatoa toleo lililoziba baadhi ya matundu hayo.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI ya Glasgow, Scotland, ilikuwa ikisumbuliwa na chipu bandia zilizoiga zake za kuunganishia vifaa na kompyuta kwa waya wa USB. Malalamiko yake yalikuwa ya haki. Lakini programu yake mpya, iliyosambazwa kupitia masasisho ya Windows, ilipokutana na chipu bandia iliifuta namba ya utambulisho, na kompyuta ikaacha kuitambua. Aliyeumia hakuwa mwigaji, ambaye alikwisha kula fedha zake, bali mnunuzi asiyejua kitu. Fundi wa Kariakoo anatambuaje chipu bandia kwa macho, ilhali maandishi ya juu yanafanana? Baada ya kelele za wateja programu hiyo iliondolewa, lakini somo lilibaki: anayejilinda anaweza kumpiga asiyehusika.

Tusidhani haya ni ya Wazungu na Wachina tu. Wateja wa LUKU Tanzania wanakumbuka walivyotakiwa kuingiza tarakimu za ziada kwenye mita zao kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Mfumo wa kimataifa wa mita hizo ulihesabu dakika tangu mwaka 1993, na siku hiyo hesabu ilifika mwisho. Ukomo huo ulijulikana na ukatangazwa mapema, ndiyo maana mita ziliweza kurekebishwa. Fikiria kama wauzaji wangekaa kimya.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa wanaobuni vifaa nyumbani na huku ughaibuni ni huu. Kabla ya kununua chipu elfu moja, ulizeni: muuzaji huchapisha orodha ya kasoro za bidhaa zake? Ana mahali pa kupokea taarifa za matundu ya usalama? Mara ya mwisho alipovunjiwa kufuli, alisema au alinyamaza? Na msitie ufunguo mmoja wa siri katika vifaa vyote, kwani kimoja kikifunguliwa vyote vimefunguka.

Wapo wanaodai kuwa kutangaza ubovu ni kuwafundisha wezi. Hatukubaliani nao. Mara nyingi mwizi ameshajua, na asiyejua ni mteja.