Mupira wa Majina ya Uongo

Wengi wanatuuliza: juu ya nini mu mchezo wa mupira wa televizyo Liverpool iliitwa "Merseyside Red", na Chelsea "London FC"? Tueleze.

Jina la ekipe ni mali, sawa na nyumba. TP Mazembe ya Lubumbashi ilifika finali ya vilabu vya dunia mwaka 2010 ku Abu Dhabi. Jina lile lilipatikana kwa jasho. Kwa hiyo Konami ya Japani, yenye ilikuwa inatengeneza Pro Evolution Soccer, pale haikupata ruhusa iliandika jina lingine. Hata EA ya Marekani, mkataba ulipokwisha, iliacha jina la FIFA mwaka 2023, kiisha miaka 30.

Lakini kuna wenye kutia majina ya kweli mu diski za kopi na kuziuzisha. Mwenye mali hapati kitu. Ule njo wizi. Na wizi unaita mwingine: hapa Musonoi mwenzetu mmoja aliweka minervali yake yote ku mchezo ule, akashindwa, akaiba simu ya kaka yake. Hakuingia mu egzamen ya Leta, na kaka hamusemeshe tena.

Sisi mashefu wa mwaka wa sita tunasema: mucheze, lakini bila feza. Na mali ya mwenzako uiheshimu, hata kama ni jina tu.