Mugongo wa muchimbaji: simu inaweza kusaidia nini?

Mugongo njo chombo cha kwanza cha muchimbaji. Mwenye kubeba mufuko kutoka mu shimo, mwenye kuinama siku nzima na nyundo, na dereva wa gari kubwa mwenye kutikiswa na kiti toka asubui mpaka magaribi, wote wanajua maumivu ile. Ikipita miezi 3, waganga wanaiita ya kudumu. Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu watu milioni 619 wenye kuumwa mugongo wa chini mu mwaka 2020.

Ku Ulaya wamejaribu kutumia simu. Kuko programu moja, selfBACK, yenye kutengenezwa na watafiti wa Norwe, Denmark na Scotland. Kila juma inamuuliza mugonjwa: unaumwa namna gani? Unalala muzuri? Ulifanya mazoezi? Kisha inamupa mupango wake mwenyewe: mazoezi, masomo mafupi, na hesabu ya hatua anazotembea. Mu 2019 waliijaribu na wagonjwa 461. Nyuma ya miezi 3, wenye kutumia programu walipata nafuu kidogo kupita wenye kufuata matunzo ya kawaida tu. Ni faida ndogo, lakini ni ya kweli.

Sasa, ile programu inaweza kutufaa sisi ku Kolwezi ao ku Likasi? Vile iko, hapana. Muchimbaji hakosi hatua za kutembea. Simu ya kwake ingepashwa kumuuliza mambo ingine: leo umebeba mifuko ngapi? Ilikuwa na uzito gani? Umepumzika saa ngapi? Ingepashwa kusema kwa sauti, mu Swahili yetu, bila kula mega, na kufanya kazi mu simu ndogo ya tochi, juu mu nyumba mingi simu ni moja kwa watu wote.

Lakini njo hapa ugumu. Kumwambia mutu apunguze mufuko ni rahisi. Kama analipwa kwa mufuko, nani ataleta bunga ku nyumba? Kwa hiyo shauri la simu lisiishie kwa mugonjwa peke yake. Lifike kwa kikundi muzima: kubeba wawili wawili, kugawanya muzigo, kubadilishana kazi. Na ku makampuni, tuulize mbele: nani ataona majibu? Kama mukubwa wa kazi anasoma kwamba mugongo wako umechoka, hakuna mutu atakayejibu ukweli.

Kwa sasa, hata bila programu, shauri iko. Mu 2023 lile Shirika lilipendekeza mazoezi na mafundisho. Halikupendekeza mukanda wa mugongo kama matunzo ya kawaida, wala dawa kali za jamii ya morfini. Basi baba, kulala kitandani wiki nzima hakuponyeshe, tembea polepole. Vidonge vya barabarani vinanyamazisha maumivu tu, kisha mutu anarudia kubeba.

Na wewe mama, kama bwana yako anasikia miguu imekufa ganzi, anashindwa kuzuia mukojo, ana homa, anakonda, ao aliangukia mu shimo, usingoje simu. Mupeleke kwa munganga siku ile ile.