Karanga na Mwili Unaozikataa

Huku kwetu Karema karanga ni chakula cha kila siku: twaungia kisamvu, twatia katika uji wa mtoto. Lakini wapo wachache ambao mwili wao huzikataa. Hali hii huitwa mzio. Mtoto huvimba midomo, hutoka vipele, hutapika, hata hushindwa kupumua.

Je, tiba ipo? Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanyika Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Watoto na vijana 496 wa miaka 4 hadi 17 waligawanywa kama kwa kura. 372 walipewa unga wa karanga, kwanza kidogo mno, kisha ukaongezwa polepole. 124 walipewa unga usio na karanga. Hawakuambiwa nani anakula upi, ili matokeo yawe ya haki. Baada ya mwaka mmoja hivi, 250 wa kundi la kwanza walistahimili kiasi cha karanga mbili hivi. Wa kundi la pili 5 tu.

Hata hivyo, huko si kupona. Tena, katika kundi la kwanza 14 kwa kila 100 walihitaji sindano ya adrenalini. Kwa hiyo, wazazi, tunawasihi msijaribu nyumbani. Mtoto aliyedhurika asipewe karanga tena mpaka aonwe na daktari.

Akivimba au akikosa pumzi, mkimbizeni hospitali saa ileile, mtueleze alichokula. Ninyi wengine msiogope: endeleeni na uji wenu wa karanga zilizosagwa.