Ligi ya Wanawake Isingoje Neema

Shida humwanza mnyonge. Fedha zikipungua, la kwanza kufutwa ni mashindano ya wanawake, na hoja haikosekani. Ndiyo maana leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu, hasa ndugu wenye dhamana ya michezo, msimu mmoja wa kriketi ya wanawake huko Uingereza: msimu wa 2020.

Mwaka huo maradhi ya korona yalifunga viwanja, na mpango mpya wa kuwaajiri wachezaji wa kike katika kanda nane ukachelewa. Lakini haukutupwa. Wachezaji 25 walipewa posho ya muda, na tarehe 29 Agosti ligi ya kanda ikaanza: mchezo wa siku moja, ova 50 kila upande, makundi mawili, michezo sita kwa kila timu. Kombe lilipewa jina la marehemu Bibi Rachael Heyhoe Flint, nahodha wa Uingereza iliyotwaa Kombe la Dunia la kwanza la wanawake mwaka 1973, miaka miwili kabla ya wanaume kuwa na lao.

Fainali ilichezwa Edgbaston tarehe 27 Septemba, bila watazamaji. Southern Vipers walipata mikimbio 231, themanini kati ya hiyo ikiwa ya nahodha Georgia Adams. Northern Diamonds wakaishia 193, kwani Charlotte Taylor peke yake aliwatoa sita. Kabla ya mwaka kwisha, wachezaji 41 walitangaziwa mikataba ya ajira kamili.

Linalotugusa zaidi ni habari ya waliokuwa mkiani. Sunrisers walishindwa michezo yote sita ya msimu ule. Hawakuvunjwa wala hawakudhihakiwa kwa kunyimwa fungu. Mwaka 2024, msimu wa mwisho kabla ya kanda kuziachia kaunti kazi hiyo, wao ndio waliotwaa kombe lile lile.

Sisi twasema timu haijengwi kwa hotuba ya ufunguzi. Binti wa Unguja na wa Pemba, awe wa kriketi, netiboli au kandanda, anataka ratiba isiyofutwa, uwanja wenye saa zake na posho inayomfikia. Haya yaandikwe katika bajeti, yasiachwe kwa hisani ya mtu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.