Umeme Ukirudi, Mkono Wako Uko Wapi?

Leo tuzungumzie mashine zinazojiendesha zenyewe: ile ya kukaushia mahindi inayozima moto joto likitosha, na mkanda unaopandisha nafaka ghalani. Zinatusaidia sana, lakini mashine haina macho. Haijui kama mkono wako umo ndani.

Siku moja nilikuwa kwenye ghala la ushirika, umeme ukakatika, mkanda ukasimama. Kijana mmoja akaingiza mkono kuondoa gunzi lililonasa. Alipoutoa tu ajifute jasho, umeme ukarudi na mkanda ukaondoka wenyewe. Kumbe swichi ilikuwa haijazimwa! Angechelewa kidogo, leo angelimia mkono mmoja.

Je, hatari ile ingeweza kujulikana mapema? Naam. Miaka ya 1960 wahandisi wa kampuni ya ICI, Uingereza, walianza kuupitia mtambo kipande kwa kipande, wakiuliza: Kikikosekana? Kikizidi? Kikipungua? Kikienda kinyume?

Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Kaeni pamoja mwendeshaji, fundi, na mfagiaji pia, maana yeye ndiye anayeingia pembe zisizoonekana. Kwa kila swali andikeni mambo matatu: sababu, madhara na kinga.

Joto likizidi? Huenda kipimajoto kimeharibika, na mahindi yatashika moto. Kinga ni kipimajoto cha pili, kisichotegemea kile cha kwanza, kiuzime moto. Upepo wa feni ukikosekana? Moto nao uzimike wenyewe. Umeme ukikatika halafu ukarudi? Fungeni swichi ya aina ile isiyowasha mashine mpaka mtu abonyeze kitufe.

Tena, anayetengeneza mashine azime swichi kuu, aifunge kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwake mwenyewe, si kwa msimamizi. Vivyo hivyo kwa anayeingia ndani ya silo, kwa sababu nafaka inayotiririka humzamisha mtu upesi sana.

Msikimbilie bango la "Hatari". Kwanza ondoeni hatari yenyewe. Isipoondoka, wekeni kizuizi. Bango lije mwisho. Na kila mkibadili kifaa, rudieni maswali upya.

Wazee walisema tahadhari kabla ya hatari. Mpaka kipindi kijacho, nakutakia mavuno mema, na mikono yote miwili ya kuyavuna.