Mlevi Akigonga Mtu, Baa Nayo Hudaiwa?

Chukua mfano huu. Ni saa 4 usiku, kwenye baa iliyo kando ya barabara inayopanda kutoka Mzumbe kwenda Mgeta, mkoani Morogoro. Kijana wa bodaboda ameinuka, kashika meza asianguke. Mhudumu anamjua, ndiye aliyemhesabia chupa tangu jioni. Anampa moja ya mwisho, anapokea noti, kisha anamtazama akipapasa ufunguo mfukoni. Mbele yake kuna kona kali, na upande mmoja ni bonde. Akimgonga mama aliyejitwika kapu la mboga, nani atalipa?

Wa kwanza ni kijana mwenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtia hatiani, na bima ya pikipiki ndiyo ya kukimbiliwa. Lakini kama bima imekwisha na mwenyewe hana hata kiwanja, majeruhi atabaki na hukumu mkononi huku hospitali ikidai. Hapo ndipo swali la baa linapopata uzito.

Jimbo la Illinois, Marekani, lina sheria maalumu ya kumdai muuza pombe tangu 1872. Bunge letu la Tanzania halijatunga ya namna hiyo. Njia iliyopo ni madai ya uzembe, kanuni tuliyoirithi kwa Waingereza: ukiweza kuona kwamba kitendo chako kitamdhuru mwenzio, chukua tahadhari.

Kanada iliipima kanuni hiyo kwenye mambo ya pombe. Bwana Menow alikuwa mteja wa mara kwa mara wa hoteli moja ya jimbo la Ontario. Wahudumu walimjua kwa ulevi wake, hata walikuwa wameagizwa wasimuuzie akiwa peke yake. Usiku mmoja wa 1968 walimuuzia hadi akalewa chakari, kisha wakamtoa nje. Aligongwa na gari akitembea barabarani. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu iligawa lawama mafungu matatu sawa: Menow, dereva na hoteli. Kilichoiponza hoteli ni kwamba ilijua hali yake, na bado ikamtupa gizani.

Australia ilikataa kuibebesha baa lawama. Mteja mmoja wa Tasmania alikuwa amekubali pikipiki yake ihifadhiwe baa. Alipolewa aliidai kwa ukali, akarudishiwa, akafa njiani. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisema mtu mzima aliyeamua kunywa hubeba mzigo wake.

Kwa maoni yangu, hoja hiyo haimgusi yule mama wa Mgeta. Yeye hakunywa wala hakuamua lolote. Wakili wake ana haki ya kuiambia mahakama ya Tanzania kwamba mhudumu aliona mteja anayumba, aliuona ufunguo, na bado akauza. Maamuzi ya Kanada hayawafungi majaji wetu, lakini yanaweza kuwashawishi.

Kesi ya namna hii husimama kwa ushahidi wa kile mhudumu alichokiona, na ushahidi huo hupotea upesi. Ukipatwa na janga hili, andika siku ileile majina ya waliokuwepo, tunza risiti na namba ya pikipiki, kisha umwone msaidizi wa kisheria. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3.