Mashine ya kufulia yazua kasheshe Nyamongo!

SIKU kirikuu ilipoegesha mbele ya nyumba yetu hapa Nyamongo, nusu ya mtaa ilitoka nje. Wengine walidhani ni friji, wengine wakasema tunafungua duka. Vijana wawili wakashusha boksi, tukalipasua, na ndani mkawa na dude jeupe lenye jicho moja kubwa la kioo kifuani. Mashine ya kufulia! Ile ya mlango wa mbele, ya kilo saba, karibu milioni moja pamoja na nauli ya kutoka Mwanza.

Msomaji wangu, usinicheke. Vumbi la Nyamongo kama hulijui basi umelisikia. Mgodi wa North Mara ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2002, na malori, karasha na bodaboda havina mapumziko. Ukianika shuka jeupe saa nne asubuhi, saa nane linarudi ndani rangi ya chai. Nina mtoto mchanga, nina mume wa shifti mwenye ovaroli zisizoisha, na kiuno ninacho kimoja tu. Tukajinyima mwaka mzima, tukanunua.

Mama mkwe, aliyekuja kumtazama mjukuu, akavuta kigoda akakaa mbele ya kioo. Nguo zikazunguka kulia, zikatulia, zikazunguka kushoto. Baada ya nusu saa akageuka. "Mwanangu, hii televisheni yenu ina stesheni moja tu?"

Tulicheka mpaka machozi. Kumbe kicheko chenyewe kilikuwa cha mapema.

Ngoma ya kwanza

Mashine ilipofika kwenye kukamua, ilianza kutetemeka, ikanguruma, kisha ikaanza kutembea! Siyo utani. Ilitoka ukutani, ikavuta waya, ikaelekea mlangoni kama mtu aliyekumbuka safari. Mama mkwe aliruka na kigoda chake. Mume wangu akaikumbatia kwa mikono miwili, ikawa inamtikisa naye. Patashika nguo kuchanika, na nguo zenyewe zimo ndani!

Kesho yake fundi akaja, akazunguka nyuma, akauliza: "Boliti za safari mlizitoa?" Tukatazamana. Kumbe pipa la ndani huwa linaning'inia kwenye springi, na kiwandani hulifunga kwa boliti ndefu, mara nyingi nne, lisigongwe njiani. Usipozitoa, pipa likianza kuzunguka kwa kasi ya mizunguko elfu moja kwa dakika, mtikisiko wote unaingia kwenye bodi. Akazifungua, akapima miguu minne ikakaa sawa sakafuni, ikawa shwari. Boliti tumezihifadhi kwenye kopo, maana tukihama zitarudishwa.

Wala tusijione washamba. Kampuni ya Bendix ya Marekani ilipotoa mashine ya nyumbani ya aina hii mwaka 1937, haikuwa na springi za maana, ikabidi wenye nyumba waifunge kwa boliti sakafuni. Wazungu nao walichezewa ngoma.

Povu hadi sebuleni

Wiki ya pili nikaishiwa sabuni iliyokuja na mashine. Nikatia ile ya unga ya kufulia kwa mkono, tena kwa kipimo cha beseni. Wewe! Povu lilitoka kwenye droo ya sabuni, likateremka, likaingia sebuleni taratibu kama mgeni asiyepiga hodi.

Sababu ni hii. Mashine ya mlango wa mbele hutumia maji kidogo, lita kama 50 kwa mzunguko mzima, yaani ndoo kubwa mbili na nusu. Nguo haziogelei, zinainuliwa juu na kuangushwa, na kule kuanguka ndiko kufua kwenyewe. Povu likijaa, nguo zinadondokea kwenye godoro, haziangukii maji. Unapata kelele, unapata povu, uchafu unabaki. Tafuta sabuni ya mashine, yenye povu dogo, au ukikwama tia vijiko viwili tu vya ile ya kawaida na usijipe moyo.

Kuhusu maji, mashine haijui ndoo, inataka bomba lenye msukumo. Nyingi zinahitaji simtanki lipandishwe angalau mita tatu hadi tano juu ya mashine. Letu lilikuwa limekaa kwenye matofali mawili! Ilibidi tujenge mnara. Na chini mbele kuna kijimlango cha chujio. Nilipokifungua baada ya mwezi nilitoa shilingi mia mbili, msumari, kokoto na mchanga wa kutosha kusiliba jiko. Sasa ovaroli hazigusi mashine kabla ya kukung'utwa nje na kupekuliwa mifuko. Na ukimaliza kufua, mlango uache wazi. Ukiufunga, ule mpira wa mlangoni unaota ukungu mweusi na nguo zinanuka kama kitambaa cha jikoni.

Umeme? Ukifua kwa maji baridi, robo uniti inatosha. Ukiwasha ya nyuzi 60, inakaribia uniti nzima, kama shilingi 360 kwa mteja wa kawaida wa LUKU. Mimi maji ya moto nayatunzia nepi na mashuka ya mgonjwa tu. Na hakikisha soketi ina waya wa ethi, maana umeme na maji havina urafiki.

"Kwa hiyo Jumamosi nisije?"

Hayo yote, msomaji, yalikuwa mambo ya vyuma. Lililoniuma ni jingine.

Kwa miaka miwili nilikuwa na dada mmoja anayekuja kunifulia. Jumatano na Jumamosi, elfu tano kwa kila safari. Ana watoto watatu na hana mwingine wa kumtegemea. Jumamosi ile alikuja na sabuni yake ya mche mkononi, akaikuta mashine inazunguka. Akaitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Kwa hiyo dada, Jumamosi nisije?"

Sikuwa na jibu. Nilimpa chai. Alikunywa, akashukuru, akaondoka.

Mwaka 2010, Hans Rosling, daktari na mwalimu wa takwimu wa Sweden, alisimulia mbele ya hadhara jinsi bibi yake alivyokaa kuitazama mashine ya kwanza ya nyumbani kwao tangu mwanzo hadi mwisho, kama mama mkwe wangu. Akasema mashine ile ilimpa mama yake muda, na muda ule ukawa safari za maktaba na vitabu vya mtoto. Ni kweli tupu. Lakini kwa bibi wa Rosling hakukuwa na mtu mlangoni ameshika sabuni ya mche.

Umeme wakamata mateka

Jumatano moja umeme ukakatika katikati ya mzunguko. Mlango umejifunga, maji yamejaa, ndani mna sare za mume wangu anayeingia shifti ya usiku. Nikavuta, nikabembeleza, wapi! Nikampigia yule dada, maana kuona haya na shida havikai pamoja.

Alifika, akaniuliza maji yanatokea wapi. Tukafungua kijimlango cha chujio, kuna kipira chembamba cha kumwagia maji, tukayakinga kwenye karai kidogo kidogo. Baada ya dakika chache kitasa kikajifungua chenyewe. Akazikamua zile sare kwa mikono yake, kavu kuliko mashine. Saa kumi na moja jioni zilikuwa tayari.

Hapo ndipo tulipoongea kama watu wazima. Siku mbili kwa wiki mashine ni yake. Majirani wanamletea mablanketi, mashuka na mapazia, yale yanayovunja mgongo. Anatoa hela ya LUKU, maji na sabuni, kinachobaki ni chake. Kola na magoti ya ovaroli bado anasugua kwa mkono kwanza, kwani mashine haina macho. Sitakudanganya kwamba amekuwa tajiri. Mwezi mwingine anapata zaidi ya zamani, mwezi mwingine pungufu. Ila haulizi tena kama aje.

Mfuko wa shemeji

Na ni yeye aliyetuokoa na balaa kubwa kuliko yote. Shemeji yangu mdogo, anayehangaika na wachimbaji wadogo, alileta mfuko wa nguo za mwaloni. "Shemeji, nitupie humo humo." Mimi nimeshafungua kioo. Yule dada akanishika mkono: "Hizi zimeshika zebaki. Mimi hata kwa mkono sizifui."

Mume wangu akaunga mkono. "Mura, humu zinafuliwa nepi za mtoto!"

Nikuambie ukweli, nilipata baridi. Zebaki ndiyo inayotumika mwaloni kukamatisha dhahabu, kisha inachomwa. Haihitaji moto mkubwa kugeuka mvuke, hata kwenye joto la chumba inapanda hewani bila harufu. Ikiingia kwenye mashine inajificha kwenye mpira na mabomba, na kila nguo itakayofuata inapata mgao. Inaharibu mishipa ya fahamu na figo, na adhabu yake kali iko kwa mimba na watoto wachanga. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, lakini mkataba haukai mlangoni kwako kukagua mifuko.

Kwa hiyo sheria ya nyumba yetu ni moja: nguo za mwaloni zinavuliwa huko huko, hazilali nyumbani, haziingii kwenye mashine. Zilizomwagikiwa zebaki zinafungwa kwenye mfuko na kuachwa kabisa. Hazichomwi, wala hazipelekwi mtoni. Sisi wa huku tulionja mwaka 2009, maji machafu ya mgodi yalipovuja hadi mto Tigithe. Hatuna hamu ya kuongeza yetu.

Shemeji alinuna siku mbili. Siku ya tatu alikuja amevaa safi, ameoga, akambeba mtoto.

Basi msomaji, kama nawe unazungusha macho kwenye duka la vyombo vya umeme, nunua tu, raha ipo. Ila kabla hujabana plagi, toa boliti, pandisha tanki, pekua mifuko. Na kama kuna mtu anayekufulia, ongea naye kabla kirikuu haijafika mlangoni. Mimi nilichelewa, na lile swali lake la Jumamosi bado nalisikia kila mashine inapoanza kuzunguka.